Yai Juu ya Jicho la Baba

Kifaranga cha kwanza cha mashine yangu hakikujiangua. Nilikitoa mimi, kwa kucha zangu, na kikafa kiganjani mwangu kabla sijamaliza kusema bismillahi.

Majuma yote haya nimewasimulia kana kwamba mabaya hunijia kutoka nje tu, kama vumbi la barabarani. Leo nasema langu.

Kama hukuwa nasi tangu mwanzo, shika haya. Mimi ni Inshirah, mke wa Rizk, na Rizk yuko Kuwait anapaka rangi majumba ya watu. Naishi na mama yake, Bahiga, hapa Kafr Tuta, nusu saa kutoka Tanta. Baba yangu, Abdelghafar, alikuwa fundi wa tanuri la mayai kwa miaka arobaini na sita: lile jumba la udongo lenye vyumba vya moto, ambamo mayai kwa maelfu hulazwa juu ya makapi mpaka yaanguliwe pasipo kuku. Wajukuu wa mwenye tanuri wakalibomoa. Baba alikuwa akilala humohumo. Akaja kwangu na godoro moja na birika.

Mama mkwe akampa chumba cha juu ya paa. Kwa siku chache, alisema.

Halafu kideri kikaingia kijijini. Kuku wetu wote wa paani, thelathini na mmoja, walikwisha kwa siku nne. Yakabaki mayai arobaini na mawili ambayo mama mkwe alikuwa ameyaweka kapuni kabla ugonjwa haujafika. Ndipo aliposema yale ninayoomba msiyasahau:

"Mzee Ghafar, wewe ni mtu wa tanuri. Basi tupatane kitanuri. Mayai matatu, vifaranga viwili. Nakupa arobaini na mawili, unanirudishia ishirini na vinane. Ukinipa, chumba ni chako mpaka Mungu akuite. Usiponipa, mtoto wa kaka yako yuko Kairo, akakuweke yeye."

Baba akampa mkono. Ndiyo desturi ya tanuri tangu enzi za babu zake: mwenye mayai haulizi umefanyaje, anahesabu vinavyolia.

Huyo mtoto wa kaka anaishi chumba kimoja na watoto watano. Baba hakuwaambia watu hilo. Nami sikulisema.

Kwa kuwa tanuri halipo, niliuza bangili yangu ya ndoa nikanunua mashine kwa seremala wa Tanta. Sanduku la mbao, kioo mbele, balbu mbili, feni ndogo, na namba nyekundu za kuonyesha joto. Nina diploma ya kilimo. Nilikuwa sijawahi kutotolesha hata yai moja, lakini nilikuwa na diploma.

Sasa tuendelee.

Siku ya saba tuliyapima mayai kwa tochi, tukayatoa manne yasiyo na mbegu. Yakabaki thelathini na manane. Baba alifurahi. "Tanurini tungetoa zaidi," alisema. "Mama mkwe wako ana majogoo wa kweli."

"Alikuwa nao," nikasema.

"Alikuwa nao. Mungu awarehemu."

Siku ya kumi alifungua mlango wa mashine, akachukua yai la pembeni, akafumba jicho lake la kushoto, akalilaza yai juu ya jicho. Hivyo ndivyo wapimavyo joto watu wa tanuri. Jicho lile lina mtoto wa jicho, halioni hata taa. "Jicho limekufa," huwa anasema, "ngozi yake iko hai."

Akakaa hivyo, kichwa kimelala nyuma, kama mtu anayetiwa dawa.

"Lina baridi," akasema.

"Baba, namba inasema thelathini na saba na nusu. Ndiyo joto lake."

"Namba imelala na mayai?"

"Haina haja ya kulala na mayai."

"Basi haijui. Ya katikati yana nafuu. Haya ya pembeni yana baridi. Yatachelewa siku mbili."

"Yatachelewaje? Yai la kuku ni siku ishirini na moja. Hata kuku asiyesoma anajua."

Akacheka. "Kuku hajasoma, ndiyo maana hakosei. Ongeza moto, binti yangu."

"Siongezi. Nikiongeza nitawapika."

"Ongeza kidogo."

Hapo nikamwambia neno. Nalirudia kwa sababu nimeahidi kusema langu. Nikamwambia: "Baba, hapa si tanurini. Hapa tunafanya kwa elimu."

Alilirudisha yai mahali pake, akaufunga mlango polepole, kama mtu aliyemlaza mtoto. Tangu siku hiyo hakuufungua tena. Aliketi tu mbele ya kioo, mikono magotini, kama mgeni.

Mikono ile imegeuza mayai miaka arobaini na sita. Mimi nikayageuza peke yangu, asubuhi, mchana na jioni, nikiandika kwenye daftari.

Siku ya kumi na nane niliacha kuyageuza, nikajaza maji kwenye sinia ili hewa iwe na unyevu, nikafunga. Kuanzia hapo mlango haufunguliwi. Unyevu ukitoka, utando ulio ndani ya gamba hukauka ukambana kifaranga asiweze kujigeuza. Hilo baba na diploma walikubaliana.

Siku ya ishirini na moja, mama mkwe alipanda juu na kigoda chake na bakuli la mbegu za tikiti. Akaketi mbele ya kioo.

"Wanalia?"

"Bado, mama."

"Wamegonga?"

"Bado."

Akapasua mbegu, akatema ganda. "Jirani yangu alinisimulia, tanurini siku kama hii mtu hasikii hata adhana kwa kelele za vifaranga. Ni kweli, mzee Ghafar?"

"Ni kweli."

"Basi hapa ningesikia hata nzi akiwaza."

"Wana baridi kidogo, mama Rizk," baba akasema. "Tuwape siku mbili. Jioni ya siku ya ishirini na tatu."

"Siku mbili! Mimi nimezaa watoto saba, hakuna aliyeniomba nyongeza ya siku." Akasimama, akakung'uta maganda kwenye gauni. "Mkoba wako una zipu, mzee, au nikutafutie kamba?"

Alicheka peke yake. Kisha cheko lile likakatika, akatazama kona ya paa walipokuwa kuku. Banda bado lipo. Lina manyoya mawili matatu yaliyonasa kwenye wavu. "Kuku wale niliwapata kwa kuku watatu," akasema, si kwetu. "Baba yake Rizk alikuwa hai."

Akashuka. Nami, Mungu anisamehe, kwa dakika ile nilimwonea huruma yeye kuliko baba.

Alasiri Rizk akapiga simu.

"Mama anasema hakuna kitu."

"Siku haijaisha."

"Inshirah, usimpandishe mama presha."

"Mimi nampandishaje? Mimi ndiye ninayetaga?"

"Ndiyo hayo sasa. Ulimi wako."

Akakata.

Siku ya ishirini na mbili asubuhi nilikwenda kwenye kioo kabla ya chai. Thelathini na manane, yote laini, yote kimya. Hakuna ufa. Baba alikuwa ameshaketi, anachovya mkate kwenye jibini kongwe.

"Subiri," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Nataka kujua kama wako hai."

"Wako hai."

"Umejuaje? Hujawagusa siku kumi na mbili."

"Ulinikataza."

Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa. Mwenye mayai yake ndani ya mashine hana la kufanya, na mimi sikufundishwa kukaa bila la kufanya. Adhuhuri ikapita. Nikaufungua mlango.

"Inshirah, funga! Unyevu unatoka."

"Moja tu. Nione moja tu, nijue."

"Ukiona, utakuwa umejua nini? Funga."

Nikachukua yai la katikati, chini ya balbu. Nikaliweka sikioni, na hakika kulikuwa na kitu, mkwaruzo mdogo, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Nilipaswa kumshukuru Mungu na kulirudisha. Badala yake nikafikiri: anahangaika, ameshindwa, nimsaidie.

Nikaligonga upande wake butu. Gamba likaingia ndani. Nikabandua kipande, nikabandua cha pili. Utando ulikuwa na mishipa, mishipa ilikuwa imejaa. Nikauchana.

Damu ya kifaranga ni nyekundu kama ya mtu. Kwenye diploma hawasemi hilo.

Kilifungua mdomo. Tumboni kilikuwa na kiini cha yai, cha manjano, kikubwa, hakijaingia ndani bado. Kikatikisika kiganjani mwangu mara tatu, halafu hakikutikisika.

"Kilikuwa hakijamaliza chakula chake," baba akasema.

Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

Tukasikia viatu vya mama mkwe kwenye ngazi. Sijui kama alinusa au kama aliitwa na moyo wake. Mimi nilikuwa nimesimama na mkono umekunjuliwa, siwezi kuukunja. Baba akasimama, akakichukua kile kitu kutoka mkononi mwangu pamoja na magamba yake, akanifuta kiganja kwa upindo wa kanzu, upesi, kama alivyokuwa akinifuta nikiwa mdogo nikila molasi.

Mama mkwe akaingia.

Aliuona mlango uko wazi. Akaona damu kwenye kanzu.

"Nani kafungua?"

"Mimi," baba akasema.

"Nani kalivunja?"

"Mimi, mama Rizk."

Na mimi? Mimi ambaye shuleni niliitwa Msumari kwa ajili ya mdomo huu, mimi ninayewaandikia ninyi kila wiki bila kumhofu mtu, nilisimama pale nikatazama sakafu. Sikusema kitu. Haikuwa hofu ya mama mkwe. Ilikuwa aibu, na aibu ilinifunga mdomo.

"Sasa nimeelewa," mama mkwe akasema taratibu. "Siku zote hizi anawafungulia. Anawashika, anawaweka kwenye macho yake machafu, halafu tunaambiwa wana baridi. Kesho asubuhi, mzee, basi la kwanza. Na haya mengine nayatupa mferejini kabla hayajanuka."

"Ngoja jioni ya kesho," baba akasema.

"Asubuhi."

Akashuka.

Baba akafunga mlango wa mashine. Kisha akaenda kunawa.

Nilibaki na lile sanduku. Nilitaka kulipiga teke. Badala yake nikainama nikatazama ndani vizuri kwa mara ya kwanza, si mayai, mashine yenyewe. Namba nyekundu hupata habari zake kwa waya mwembamba wenye ncha ndogo kama punje ya mchele. Ncha hiyo ndiyo inayopima. Siku ya kwanza waya ulikuwa unaning'inia, unanikera, nikaufunga vizuri kwa uzi kwenye msumari.

Msumari uko vidole viwili kutoka kwenye balbu.

Siku ishirini na mbili nilikuwa napima joto la taa.

Nikaenda kuchukua kipimajoto cha homa, nikakipenyeza kati ya mayai ya pembeni, nikangoja. Thelathini na tano na nukta nane. Ngozi ya jicho bovu la mzee ilikuwa imelijua hilo siku ya kumi, na mimi nilikuwa nimeijibu kwa elimu.

Nikauhamisha waya mpaka usawa wa mayai. Balbu zikawaka muda mrefu. Nikashuka ngazi mbili mbili.

Mama mkwe alikuwa jikoni, amekishika kisu kilichopinda cha kukatia majani ya mulukhiya kwa mikono miwili, anakipembeza huku na huku juu ya ubao.

"Mama, yai nimelivunja mimi."

Hakuinua macho. "Endelea."

"Na mlango nimeufungua mimi. Na baridi ilikuwa kweli. Nilifunga waya vibaya, mashine ilipima taa badala ya mayai. Baba hakugusa kitu. Alinionya na nikamkataza."

Kisu kikaendelea kupembea. "Umelelewa vizuri."

"Nini?"

"Binti anayemkinga baba yake. Umelelewa vizuri, sikatai."

"Simkingi, mama! Ni kweli!"

"Damu ilikuwa kwenye kanzu yake. Mkono wako nimeuona mwenyewe, safi." Akakusanya majani kwa ubapa wa kisu. "Na kama ilikuwa kweli, ungeisema palepale. Wewe! Wewe ambaye chumvi ikizidi kwenye mchuzi unalisema kabla sijakaa!"

Hapo alinimaliza. Alisema kweli tupu, na kwa kweli hiyo alinizuia nisiaminiwe.

Asubuhi ya siku ya ishirini na tatu baba alikuwa ameshafunga godoro. Birika lilikuwa juu yake. Alikuwa amevaa kanzu nyingine. Ile ya damu aliifua mwenyewe, ilikuwa inachuruzika kwenye kamba.

Nilikuwa nimemwambia habari ya waya. Alisema, "Basi sasa wana joto," kana kwamba ndilo jambo pekee lililokuwamo katika habari ile.

Mama mkwe alipanda na ndoo. Simu ilikuwa mkononi, sauti imefunguliwa, na Rizk alikuwa ndani yake.

"Mzee, gari linapita saa mbili."

"Najua, mama Rizk. Niruhusu moja kabla sijaenda."

Alifungua mlango wa mashine kidogo, kiasi cha mkono kupita, akachukua yai moja la pembeni. Akafumba jicho la kushoto. Akaliweka.

Tukasimama sote watatu.

Uso wa baba ukabadilika. "Limegonga," akasema.

"Limefanya nini?"

"Limenigonga jichoni. Kwa ndani. Anatafuta pa kutokea." Akamnyooshea yai. "Shika, mama Rizk. Weka hapa. Utasikia."

Mama mkwe alilitazama lile yai. Nilimwona akitaka. Wallahi nilimwona. Akalipokea, akaliweka si kwenye jicho bali sikioni, akasikiliza, midomo imekazwa, muda mrefu.

"Sisikii kitu."

"Si la sikio. Ni la ngozi."

"Mzee, unaweza kusema lolote ili ubaki." Lakini alilirudisha yai kwa mikono miwili. Kisha akaenda ukutani, akashika waya wa mashine pale unapoingia kwenye soketi.

"Inshirah, njoo hapa," akasema. "Mimi si jiwe. Nitamwacha mpaka jioni. Kama alivyotaka, jioni ya leo. Vikitoka ishirini na vinane, sharti ni sharti. Ila nataka neno moja kwako, na Rizk asikie."

"Neno gani, mama?"

"Sema: naomba radhi kwa kumleta baba yangu katika nyumba hii."

Birika juu ya godoro liliakisi jua usoni mwangu.

"Nitaomba radhi kwa lile yai," nikasema. "Nitaomba radhi kwa waya. Nitaomba mara kumi."

"Hayo sitaki, hayo ni yake na unambebea. Nataka hilo moja. Usiposema, nachomoa."

"Inshirah," simu ikasema, "sema tu, watu tuendelee na kazi."

Nikamtazama baba. Nilitegemea akunje uso, anipe hata dalili ndogo kwamba tuko pamoja. Baba alikuwa ameshika mlango wa mashine kwa kidole kimoja, asiufungue wala asiuachie. Macho yake mawili, zima na bovu, yalikuwa kwenye mayai.

"Sema, binti yangu," akasema. "Ni jioni tu wanayoitaka vifaranga. Maneno hayaumi."

Yeye ndiye aliyeniomba. Mkumbuke hilo mtakaponihukumu, maana najua mtanihukumu. Barua zenu za wiki iliyopita nimezisoma. Kuna vifaranga thelathini na saba, mmoja wao anagonga. Kuna mzee wa miaka sabini na moja na chumba kimoja Kairo kilichojaa. Kuna mwanamke ambaye kuku wake wamekufa na mkono wake uko kwenye soketi. Na mbele yao kuna mdomo wangu, ambao jana ulinyamaza wakati mzee huyu akifuta damu mkononi mwangu kwa nguo yake.

Neno lenyewe ni dogo. Nalijua. Ningelisema, angebaki mpaka jioni, na pengine mpaka Mungu amwite, katika chumba ambacho binti yake mwenyewe amekiri kwamba hakustahili kuletwa humo.

"Nahesabu mpaka tatu," mama mkwe akasema. "Moja."

"Inshirah!" simu ikasema.

"Mbili."

"Binti yangu," baba akasema.

"Chomoa, mama," nikasema. "Siombi radhi."